Ubeti wa Saba

Kwa mara ya nne mchana ule wimbo ulikufa katikati, na kwa mara ya nne aliyeuua hakujua kama ameua kitu. Safari hii alikuwa Amos wa bodaboda. Aliegesha pikipiki nje ya kilabu cha Mama Cornelia, akainamisha kichwa asijigonge kwenye kizingiti cha juu, akachutama pale pale mlangoni na kupiga yale makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama alivyofundishwa na bibi yake na kama anavyofundishwa kila mtoto wa Kifipa aliyelelewa akaleleka.

"Shikamooni, wazee wangu."

Mzee Modesti alililaza zeze mapajani. Mzee Vicent, aliyekuwa akisugua kigoda kilichopinduliwa juu ya mdomo wa chungu, alikiachia, na chungu kilichokuwa kikinguruma kama fahali kikanyamaza. Mama Cornelia, mwenye kilabu, ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia, alikata sauti katikati ya neno. Wote watatu wakapiga makofi ya kujibu, mikono ya Mzee Vicent ikirusha matone kila upande, maana kigoda hakitoi sauti bila kuloweshwa maji.

"Marahaba, baba. Za huko utokako?"

"Nzuri tu, wazee."

"Mguu wa mama yako unaendeleaje?"

"Haujambo. Ameanza kutembea."

"Na mahindi, mmeshapukuchua?"

"Tumebakiza kidogo."

"Na yule ndama?"

Winifrida, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ukutani huku simu yake ikirekodi, alisikia damu ikimpanda kichwani. Yule ndama! Hivi kulikuwa na haja gani ya kumuulizia ndama? Ndama angekosa nini kama angeachwa bila kujuliwa hali kwa dakika kumi tu, wimbo ukaisha, halafu akaulizwa yeye na mama yake na ukoo wake wote wa ng'ombe? Lakini alimsalimia Amos kwa makofi, kwa sababu naye alilelewa, kisha akabonyeza simu kusimamisha kurekodi.

"Tulikuwa tumefika wapi?" aliuliza baba yake, Mzee Modesti, salamu zilipokwisha na Amos akakabidhiwa mrija wake kwenye chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi.

"Kwa mtoto wa tatu," alijibu Mzee Vicent.

"Basi. Tuanze upya."

Na wakaanza upya. Hilo la kuanza upya ndilo lililokuwa likimla Winifrida maini.

Huko mjini Sumbawanga yeye ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi. Akisimama mbele ya mstari na kuinua kidole kimoja, watoto mia sita hunyamaza. Kengele ikigonga, kitu huanza. Ikigonga tena, kitu huisha. Kwa miezi miwili sasa, kila Jumapili baada ya misa, amekuwa akipanda bajaji hadi Mollo kuja kukaa kwenye benchi hili gumu la kilabu akisubiri wimbo mmoja uishe. Haujawahi kuisha. Simu yake ina rekodi ishirini na tatu, na zote ni za mwanzo.

Wimbo wenyewe ulitungwa na mama yake, Luciana, mwaka aliotoka Msanzi kuja Mollo akiwa bibi harusi. Ubeti wa mwanzo unamcheka mumewe kwamba alikwenda kuposa akiwa amevaa koti la kuazima, na mwenye koti naye akaja nyuma yake kulilinda. Baada ya hapo kila mtoto alipozaliwa, mama aliongeza ubeti. Elia, wa kwanza, anaimbwa kwamba alikuja siku ya kupura ulezi, mkunga akamkata kitovu akiwa na makapi kwenye nywele. Silvana anaimbwa kwamba alizaliwa amekunja uso kama karani aliyeamshwa usingizini, na kwa kweli hadi leo uso wake haujakunjuka. Watoto saba kwa jumla. Kaka zake na dada zake wote wanajua beti zao kwa moyo. Kwenye harusi, kwenye kipaimara, hata kwenye misiba ya ukoo, mmoja akianza ubeti wake wenzake hudakia, wakacheka na kutoa machozi kwa wakati mmoja.

Winifrida ni wa saba. Mama alifariki yeye akiwa na miezi minane. Ubeti wake ulikuwepo. Coleta, dada yake anayemtangulia, aliyekuwa na miaka mitano wakati ule, anakumbuka kumsikia mama akiuimba jikoni huku amembeba mtoto mgongoni. "Ulikuwa mrefu kuliko wetu wote," Coleta hupenda kusema, na husema hivyo kwa kumchokoza, bila kujua kwamba mdogo wake hulala na maneno hayo. Lakini maneno yenyewe ya ubeti hayakumbuki. Aliyeyajua ni mtu mmoja tu, baba, aliyekuwa akimpigia mkewe zeze.

Na baba ana miaka themanini na mbili. Mwezi wa nne alitia chumvi kwenye chai. Mwezi wa tano alimwita Winifrida kwa jina la Silvana mara tatu katika mlo mmoja. Kisha siku moja alimuuliza Elia yuko wapi, na Elia ana miaka sita kaburini. Siku ile Winifrida alirudi mjini akilia ndani ya bajaji, na dereva akapunguza redio kwa heshima. Ndipo alipoamua kwamba lazima ausikie ubeti wake, na ausikie mwaka huu. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwa na sentensi hata moja ya mama yake iliyomhusu yeye.

Utasema, si angemwuliza tu baba nyumbani? Alimwuliza. Alimwuliza wakipukuchua mahindi, akamwuliza wakinywa chai, akamwuliza mzee akiota jua asubuhi nyuma ya nyumba, pale ambapo upepo wa baridi haufiki.

"Wimbo hausemwi, mwanangu," mzee alimjibu. "Unaimbwa."

"Basi imba, baba."

"Bila zeze?"

"Zeze si hilo hapo ukutani?"

"Zeze bila chungu cha Vicent ni kelele. Na Vicent hasugui kigoda bila kimpumu. Njoo Jumapili kilabuni."

"Nianzie hapo kwa Coleta tu, baba. Uniimbie ubeti wangu tu."

"Siwezi kuanzia katikati. Ukinitoa kwenye mstari nakuwa sijui niko wapi. Ni sawa na kuhesabu mbegu shimoni, mtu akikusemesha inabidi uanze tena."

Basi ikawa Jumapili kilabuni, na Jumapili kilabuni ndiyo siku ambayo watu wote wa Mollo wana nafasi ya kuingia, kuchutama, kupiga makofi na kuuliza habari za ndama.

Alijaribu njia zote ambazo mwalimu mwenye vyeti angeweza kufikiri. Kwanza aliwahamishia wapigaji nyumbani kwake mjini. Alipika wali na nyama, akafunga pazia, akaweka simu juu ya meza. Wazee walikaa kwenye makochi kwa kujikunyata kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Kabla ya ubeti wa pili jirani wa kushoto alibisha hodi, kwa kuwa alimwona mzee akishuka kwenye bajaji na haikuwezekana mzee apite mlangoni pake asisalimiwe. Akafuata jirani wa kulia na wanawe wanne, na kila mtoto alitaka shikamoo yake ipokelewe peke yake. Mzee Vicent akasema chungu hakipendi sakafu ya vigae. Saa kumi walikuwa wameshaomba warudishwe Mollo.

Jumapili iliyofuata alikuja na karatasi ya manila. Aliandika kwa kalamu nene, kwa ule mwandiko wake unaopendwa na wakaguzi: TAFADHALI USISALIMIE. WIMBO UNAENDELEA. Akaibandika kwenye mlango wa kilabu, akaingia ndani akiwa na furaha ya mtu aliyeshughulikia jambo.

Lo! Mama mmoja mtu mzima, Bertila, ndiye aliyefika wa kwanza. Walimsikia nje akiisoma karatasi silabi kwa silabi. Akaisoma tena. Kisha akaingia amejishika kifua, akapiga magoti, akapiga makofi, akasema, "Poleni jamani. Nani ametutoka?" Wapigaji wakaacha wimbo kumweleza kwamba hakuna msiba. Hakuamini. Mtu akataze salamu na watu wote wawe wazima? Akatoka kwenda kuwauliza wengine, na baada ya muda mfupi kilabu kilikuwa na watu ambao hata pombe hawanywi, wamekuja kuthibitisha. Kila mmoja alisalimia. Wengine walisalimia mara mbili kwa sababu ya wasiwasi.

Kufikia jioni habari zilikuwa zimeshaiva: mwalimu Winifrida amegombana na baba yake hadi amekataza watu wasimsalimie. Coleta akapiga simu kutoka Msanzi. "Wini, umefanya nini? Eti umeweka tangazo?" Keshokutwa yake katekista Valerian alikwenda kwa Mzee Modesti na kitabu cha sala ili kupatanisha familia, na Winifrida ikabidi aombe ruhusa kazini akapatanishwe. Alikaa pale kwenye kigoda, mikono mapajani, akisamehewa kosa ambalo hakulitenda, na moyoni alitamani kupiga yowe. Salamu! Alifika mahali pa kuzichukia. Aliota ndoto mtu anapiga makofi mlangoni, na alipoamka mikono yake ilikuwa imekutana kifuani kujibu.

Kilichomkera kuliko vyote ni utulivu wa baba. Mzee hakuonekana kuudhika hata kidogo kwa kukatishwa. Mtu akiingia, anang'aa. "Tuanze upya," anasema, kama vile siku zimejaa ghalani.

Halafu, mwishoni mwa mwezi wa saba, bahati ikamwangukia. Padri mpya, mzaliwa wa Msanzi, angesoma misa yake ya kwanza huko kwao. Lori lingetoka Mollo alfajiri na kurudi usiku. Kila mwenye miguu angekwenda: kwaya, jumuiya, vijana wa bodaboda, Bertila, katekista. Wasioweza kupanda lori walikuwa wachache, na wawili kati yao walikuwa Mzee Modesti, kwa ajili ya mgongo, na Mzee Vicent, kwa ajili ya mgongo wa Mzee Modesti. Mama Cornelia alikuwa amejiandaa kwenda na kitenge ameshashona, lakini Winifrida alimfuata, akapiga magoti mbele yake pale jikoni kati ya mapipa.

"Mama, nakuomba. Baki siku hiyo moja tu. Bila mwitikiaji hawaimbi."

"Misa ya kwanza, mwalimu! Nitaipata wapi tena?"

"Na mimi ubeti wangu nitaupata wapi tena?"

Mama Cornelia alimtazama, mwiko mkononi. Uso wake ulikuwa na kitu kama huruma, na Winifrida alidhani ni huruma ya kumwona mtu mzima anapiga magoti kwenye machicha. "Haya," alisema mwishowe. "Nitabaki. Lakini mwanangu, usiuwekee moyo sana huo ubeti."

Siku ilipofika, Mollo ilikuwa kimya kabisa. Winifrida aliteremka kwenye bajaji saa saba mchana, akamwomba dereva asimsubiri na asirudi. Barabarani hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa ukivuta mabua kwenye mashamba yaliyovunwa. Ndani ya kilabu walikuwa wanne tu: baba, Mzee Vicent, Mama Cornelia na yeye. Aliwasalimia kwa makofi, akajibiwa, akaulizwa habari zote na akazijibu zote bila haraka, kwa kuwa leo hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Kisha akaweka simu juu ya benchi na kubonyeza.

"Haya, baba," alisema. "Leo tunayo siku nzima."

Mzee Modesti aliangalia mlango. "Watu wako wapi?"

"Wamekwenda Msanzi, kwa padri."

"Wote?"

"Wote, baba."

Mzee alikohoa. Alilegeza uzi wa zeze, akaukaza, akaulegeza tena. Akaomba mrija. Akanywa. Akamwuliza Vicent kama chungu hakijapata ufa, Vicent akasema hakijapata. Winifrida alisubiri, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu. Mwishowe zeze likaanza.

Ee, wimbo ulikuwa mzuri. Miezi miwili ya kukereka ilikuwa imemfanya asahau jambo hilo dogo, kwamba wimbo wenyewe ni mzuri. Koti la kuazima likapita, na Mama Cornelia akacheka katikati ya kuitikia kama anayelisikia kwa mara ya kwanza. Elia akapita na mkunga wake mwenye makapi, na sauti ya mzee ikatetemeka kidogo kwa jina la marehemu. Silvana akapita na uso wake wa karani. Chungu kilinguruma chini ya mikono ya Mzee Vicent hadi benchi likawa linasikika makalioni. Wa tatu. Wa nne. Wa tano, ambapo hawajawahi kuvuka, ambapo siku moja katekista aliingia na kuanza kuuliza habari za kila mtu kwa jina la ubatizo. Hakuna aliyeingia. Wa sita, Coleta, aliyelia kanisani hadi padri akambatiza haraka haraka ili apate kusikia sauti yake mwenyewe. Winifrida alijikuta amesimama. Alikuwa amefumbata mikono, na hakuwa tena mwalimu wa mtu yeyote.

Ubeti wa sita ukaisha. Zeze likabaki peke yake na chungu, likizunguka, kama lifanyavyo kati ya ubeti na ubeti. Mzunguko mmoja. Wa pili. Labda kwangu panahitaji mizunguko zaidi, alijiambia, si ulikuwa mrefu kuliko wote? Wa tatu. Wa nne. Mzee alifungua kinywa, akaimba nusu ya ubeti wa Coleta tena, akaacha. Zeze likaendelea kuzunguka.

Kisha mzee akatazama mlango.

Hakutazama kwa bahati. Alitazama kama mtu aliye kituoni anavyotazama barabara basi linapochelewa. Alitazama, akarudisha macho kwenye uzi, akatazama tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na huku ni Ufipa, mwezi wa saba, watu wamevaa masweta.

Ndipo Winifrida alipoelewa, na alielewa vyote kwa pamoja. Siku zile zote, ni nani aliyekuwa wa kwanza kuacha kupiga? Baba. Amos hajachutama, zeze limeshalala mapajani. Ni nani aliyekuwa akiita wapita njia, "Karibu, pita ndani, mbona unapita kama mgeni?" Baba. Na alikuwa akiita lini? Hesabu zilimjia zenyewe: siku zote ni wimbo ukishavuka katikati. Yeye aliona ni adabu ya kizamani, akaumia, akanyamaza. Kumbe ubeti wa saba haukuwepo tena. Ulikuwa umeshamtoka mzee, labda mwaka jana, labda miaka kumi iliyopita, nani ajuaye, na hakuwa na mdomo wa kumwambia mtoto aliyeachiwa kitu hicho kimoja tu na mama yake. Watu wale aliowalaani kimoyomoyo, akina Amos na Bertila na katekista, walikuwa wakimwokoa baba yake kila Jumapili, naye akabandika karatasi ya manila kuwazuia.

Hasira ndiyo iliyomjia kwanza, tusifichane. Miezi miwili! Angesema tu. Angesema neno moja, nimesahau, na yeye angelia siku moja yakaisha. Alimgeukia Mzee Vicent. Mzee Vicent aliinamia kigoda chake na hakuinua macho. Alimtazama Mama Cornelia, na ile huruma aliyoiona jikoni ilikuwa pale pale usoni. Walijua. Kilabu kizima pengine kilijua, isipokuwa mwenye simu.

"Baba," alianza, na neno lililofuata lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Mzee alimtazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, inajaribu neno, inaliacha, inajaribu lingine. Alikuwa akimtafuta. Mbele ya macho yake mwenyewe, huku vidole vikizungusha uzi ule ule, alikuwa akimtafuta Winifrida ndani ya kichwa chake kila mahali alipowahi kumweka, na hakuwa akimpata, na hakukata tamaa kumtafuta. Winifrida hakuwahi kutazamwa vile na mtu yeyote.

Alilimeza neno lake. Lilimchoma likishuka. Akachukua simu, akaizima, akapita jikoni kati ya mapipa, akatokea mlango wa nyuma.

Nje baridi ilimpiga usoni na machozi yakatoka bila kuomba ruhusa. Alizunguka nyumba akipita juu ya mabua na maganda ya mahindi, akijifuta kwa ncha ya kitenge. Zeze lilikuwa bado likizunguka ndani, mzunguko wa ishirini sasa, au wa thelathini, limechoka, linasubiri mtu. Alifika mbele. Akapiga magoti mlangoni, akakunja viganja, akapiga makofi ya taratibu.

"Shikamoo, baba."

Zeze lilinyamaza hapo hapo.

"Marahaba!" Sauti ya mzee ilitoka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. "Marahaba, mama! Karibu, karibu sana, pita ndani."

Alipiga makofi ya kujibu, na aliyapiga kwa muda mrefu kuliko desturi inavyodai. Mzee Vicent na Mama Cornelia nao walipiga. Kisha yakaja maswali. Za mjini? Nzuri, baba. Mume wako hajambo? Hajambo. Na mjukuu wangu Faith, masomo yanakwendaje? Yanakwenda vizuri, baba. Na shule, watoto wanakusikia? Wananisikia. Mvua je, huko mjini hainyeshi? Hainyeshi baba, ni kiangazi. Alijibu moja baada ya moja akiwa bado magotini, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano hakutaka salamu ziishe.

Lakini ziliisha. Mzee Modesti alimgeukia mwenzake na kutikisa kichwa.

"Umeona, Vicent? Na tulikuwa tumeshafika kwa wa saba."

"Tulikuwa tumeshafika," alisema Mzee Vicent.

"Palikuwa pamebaki pale pale tu. Ningefungua mdomo tu."

"Nisamehe, baba," alisema Winifrida. "Nimewakatisha."

Mzee alimtazama kwa ukali, ule ukali wake wa zamani ambao watoto saba waliuogopa, na mkono wake ukatulia juu ya zeze.

"Ninyi watoto hamna subira," alisema. "Mtu hawezi kumaliza hata wimbo mmoja."

"Kweli, baba," alisema Winifrida. "Hatuna subira."